Okestra ya vipakatalishi: jinsi inavyofungwa, na inavyoweza kufungwa Voi

Okestra ya vipakatalishi ni kundi la wapigaji ambao ala ya kila mmoja wao ni kompyuta ndogo ya kubebeka. Ilipata umbo tunalolijua leo mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya Dan Trueman na Perry Cook. Mwaka 2008 Ge Wang alianzisha okestra kama hiyo Stanford, na mwaka 2009 Ivica Ico Bukvic akaanzisha yake Virginia Tech, akitumia mfumo huria wa Linux. Swali la uchambuzi huu ni hili: okestra ya aina hiyo inahitaji nini hasa, na je, mahitaji hayo yanapatikana Voi, katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya? Ili kulijibu, tufuate njia ya sauti, hatua kwa hatua.

Tuanze mwishoni mwa njia, mahali sauti inapotokea. Katika harusi au mkutano wa hadhara, sauti zote huchanganywa kwenye mtambo mmoja, kisha hutolewa kwa spika mbili kubwa zilizowekwa mbele. Msikilizaji husikia kila kitu, lakini hawezi kujua nani amepiga nini. Ngoma ya Mwazindika ya Wataita haisikiki hivyo. Kila ngoma hulia pale alipo mpigaji wake, na sikio huifuata hapo hapo. Waanzilishi wa Princeton walitaka kompyuta isikike kwa namna hiyo. Kwa hiyo waliamua kwamba kila mpigaji awe na spika yake, karibu naye.

Spika ya kawaida huelekeza sauti upande mmoja. Ala ya muziki hutawanya sauti pande nyingi. Princeton walilitatua hilo kwa kutumia spika yenye umbo la nusu tufe, iliyolazwa sakafuni, yenye vitoa sauti sita: kimoja juu na vitano vikikizunguka. Stanford walitengeneza za kwao kwa mabakuli ya saladi ya IKEA, wakayatoboa na kuyafunga spika za gari. Bakuli ndilo boksi, na ubao wake mnene huzuia mtetemo usiotakiwa. Sufuria haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa bati lake jembamba hulia lenyewe.

Hapa Voi inaanza kuingia katika hesabu. Mji uko kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, pale inapochipuka barabara ya Mwatate na Taveta hadi mpakani mwa Tanzania. Katika mji wa malori na matatu, fundi wa redio za gari hayuko mbali, na spika za gari ndiyo kazi yake ya kila siku. Analopaswa kulizingatia ni ukinzani, yaani kiasi cha spika kuuzuia umeme kupita, kinachopimwa kwa omu. Spika nyingi za gari ni za omu 4. Mbili zikifungwa sambamba hubaki omu 2, na amplifaya ndogo huchemka. Zikifungwa kwa mfuatano huwa omu 8, na amplifaya hupumua. Bakuli lenye spika nne, mbili kwa upande wa kushoto na mbili kwa upande wa kulia, hutosha kuanzia. Tena halihitaji kadi ya sauti yenye njia sita, kwa kuwa tundu la kawaida la kipakatalishi lina njia hizo mbili.

Sasa turudi nyuma, ndani ya kompyuta. Huko sauti ni mfululizo wa namba. Kila namba huitwa sampuli, na kadi ya sauti ndiyo huzigeuza sampuli kuwa umeme. Kasi ya kawaida ni sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Mashine zote za okestra zipangwe kwa kasi moja, la sivyo faili au programu iliyoandaliwa kwenye mashine moja inaweza kutoa sauti ya juu au ya chini zaidi kwenye nyingine.

Kompyuta haipeleki sampuli moja moja. Huzikusanya kwanza katika ghala dogo liitwalo bafa, kisha huzitoa kwa mkupuo. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya 48,000, huchelewesha sauti kwa milisekunde 5 na ushei. Ya sampuli 1,024 huchelewesha kwa milisekunde 21. Kwa kuwa sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde, ucheleweshaji wa kwanza ni sawa na kusikia ala iliyo umbali wa karibu mita 2, na wa pili ni zaidi ya mita 7. Mpigaji huzoea ule wa kwanza bila kuuona. Wa pili humfanya ajihisi anaburutwa. Lakini bafa ikiwa ndogo kupita kiasi, mashine dhaifu haiwahi kuijaza na sauti hukatika kwa milio ya kukwaruza. Kipimo sahihi ni bafa ndogo kuliko zote ambayo mashine dhaifu kuliko zote inaimudu.

Umeme unafuata, na wengi huukosea. Hofu ya kwanza huwa ni mzigo. Tuchukue vituo sita: kipakatalishi cha wati 65 na amplifaya inayotumia wastani wa wati 20 kwa kila kituo. Jumla ni wati 510, ambazo kwa volti 240 ni ampea 2 na kidogo. Soketi moja ya ampea 13 inazibeba kwa urahisi. Tatizo halisi ni mvumo. Mashine zikichomekwa kwenye soketi za kuta tofauti, volti za nyaya zao za ardhini huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo husukuma umeme kupitia kebo za sauti. Matokeo yake ni mngurumo wa mizunguko 50 kwa sekunde. Dawa ni kulisha vituo vyote kutoka soketi moja kwa ekstensheni. Jaribio la kumtambua mkosaji ni rahisi: chomoa chaja ya kipakatalishi kimoja, mvumo ukikoma, chanzo ni njia ya chaja hiyo. Pini ya ardhi isikatwe kamwe, kwa kuwa ndiyo inayolinda uhai wa mpigaji.

Stima ikipotea katikati ya onyesho, kipakatalishi huendelea kwa betri yake lakini amplifaya hunyamaza. Ndiyo maana inafaa kuchagua amplifaya ndogo za volti 12. Betri moja ya sola ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tukitumia nusu tu ili isiharibike, amplifaya sita za wati 20 zitacheza kwa saa 5. Utaratibu wa kuwasha nao una kanuni yake: kompyuta kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Anayegeuza mpango huo hupeleka kishindo kwenye spika, na vishindo vingi huziua.

Wapigaji wanahitaji pia kwenda pamoja. Kiongozi anaweza kuonyesha kwa mkono, au mashine moja itume mapigo kwa nyingine kupitia mtandao wa ndani. Mtandao huo ni rauta moja tu, bila intaneti. Kila mashine ipewe anwani isiyobadilika, na ikiwezekana iunganishwe kwa kebo, kwa sababu ujumbe wa Wi-Fi hufika mara mapema, mara umechelewa. Programu za kutengeneza sauti zipo bila malipo: Pure Data ya Miller Puckette, na ChucK iliyobuniwa na Ge Wang pamoja na Perry Cook. Zote mbili hufanya kazi hata kwenye mashine za zamani.

Voi inaongeza jambo ambalo Princeton hawana, yaani joto na vumbi jekundu. Kichakataji kikipata moto hujipunguzia kasi chenyewe, na bafa iliyotosha asubuhi hushindwa mchana. Mashine isilazwe juu ya mkeka wala kitambaa, bali juu ya kibao chenye miguu ili feni ivute hewa. Vumbi litolewe kwenye feni mara kwa mara. Majaribio yafanywe saa nane mchana, wakati wa joto kali, maana kinachostahimili saa hiyo kitastahimili jioni.

Kuhusu cha kupiga, Taita haina upungufu. Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki, na watafiti wake wamerekodi na kuchambua milio ya usiku ya perere na komba katika misitu ya milima hiyo. Milio ya namna hiyo ikigawanywa kwenye mabakuli sita ukumbini, perere mmoja ataita kona hii na mwingine ajibu kona ile. Spika mbili za mbele haziwezi kufanya hivyo.

Hesabu hizi zikiwekwa pamoja, zinaonyesha kitu kimoja. Kompyuta, ambayo imeipa okestra hii jina, ndiyo sehemu inayovumilia uduni kuliko zote: mashine kuukuu, programu ya bure na bafa iliyopimwa vizuri zinatosha. Visivyovumilia ni spika ya kila mpigaji na umeme usio na mvumo. Kwa hiyo shule au chuo cha Taita Taveta chenye fedha kidogo kisianze kwa kununua vipakatalishi vipya. Kitumie vilivyopo maabara, na fedha ziende kwa seremala, kwa fundi wa redio za gari na kwa betri. Vituo sita vilivyofungwa hivyo ni okestra. Vipakatalishi ishirini vipya vilivyounganishwa kwenye spika mbili za ukumbi si okestra. Ni mtambo mmoja wenye waendeshaji ishirini.