Chakula na Shoka: Namna Kaya ya Shamba Inavyojitegemea

 

Kila mwaka tunapoandikisha wanafunzi wapya huwa tunamwuliza mtoto kazi ya mzazi wake. Jibu tunalolipata mara nyingi ni hili: "Baba hana kazi, analima tu." Mtoto anayejibu hivyo asubuhi ameshiba muhogo wa shambani kwao, amepita kwenye uwanja uliofagiliwa kwa ufagio wa chelewa alioufunga mama yake, na ada yake ya madrasa imelipwa kwa machungwa. Bado anaamini kuwa baba yake hana kazi. Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Tunataka kueleza namna kaya ya shamba hapa kwetu mkoani Tanga inavyoweza kujilisha kwa sehemu kubwa, na namna jambo hilo linavyoingia katika dini yetu.

Dirhamu mbili

Imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kuwa kipo kitambaa wanachojifunika na kutandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza vitu hivyo viletwe, akavinadi mbele ya watu, vikanunuliwa kwa dirhamu mbili. Akamwamrisha yule mtu kwa dirhamu moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni, akamwambia asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirudi akiwa na dirhamu kumi.

Wapo wanazuoni walioizungumzia sanadi ya hadithi hii. Lakini maana yake inatiliwa nguvu na hadithi sahihi aliyoipokea Bukhari, inayotufahamisha kuwa ni bora mtu achukue kamba yake akabebe kuni mgongoni kuliko kuwaomba watu.

Tuzingatie mgawanyo ule. Fedha zote hazikuliwa, wala watoto hawakuachwa na njaa ili shoka linunuliwe. Nusu ilikuwa chakula cha leo, na nusu ikawa chombo cha kuleta chakula cha kesho. Hiyo ndiyo kanuni ya kaya inayojitegemea. Katika kila kinachoingia, sehemu huliwa, na sehemu hubaki kuwa shoka: mbegu, mtetea wa kuatamia, samadi, mche, pipa la maji. Kaya inayokula shoka lake huishia kwenye daftari la dukani.

Maji

Tuanze na maji, kwa sababu bila maji hakuna udhu wala mchicha. Kwetu mvua kubwa ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ndogo ni vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati ya misimu hiyo akina mama na watoto hutembea mbali na ndoo kichwani, hali ya kuwa maji mengi yalimwagika kutoka kwenye mapaa yao wenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Bati la urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ni mita 48 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 20, bati hilo linashusha lita 960. Hata robo yake ikipotea, zinabaki lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20, na hiyo ni mvua ya siku moja tu. Kinachohitajika ni mfereji chini ya ukingo wa bati, pamoja na mapipa au tangi. Maji ya mwanzo yaachwe yapite kwa sababu yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Chombo kifunikwe vizuri, kwani maji yaliyo wazi huzaa mbu, na mbu huleta malaria. Maji ya kunywa yachemshwe.

Aidha, tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita moja. Mahali pa kutawadhia pakiwekwa karibu na migomba, maji yale yale yanayotusafisha kwa ajili ya sala yanainywesha migomba.

Muhogo

Muhogo ni akiba iliyofukiwa ardhini. Shamba dogo la mita 10 kwa mita 10, likipandwa kwa nafasi ya mita moja kila upande, linabeba mashina kama 100. Aina nyingi hukomaa kati ya miezi 9 na 12, na huna haja ya kuung'oa wote siku moja. Majani yake ni kisamvu. Maganda yakikaushwa vizuri juani ni chakula cha mbuzi.

Shoka la muhogo ni pingili za kupandia, na hapa watu wengi wanakosea. Mihogo yetu inasumbuliwa na maradhi mawili makubwa, batobato na michirizi ya kahawia, ambayo yanaenezwa na inzi weupe na pia na pingili zenyewe. Michirizi ya kahawia iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey katika kituo cha Amani, milimani hapa hapa mkoani kwetu. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kuonekana zuri, kumbe mizizi ndani imeoza kwa mabaka makavu ya kahawia. Kwa hiyo usichukue pingili kwa jirani kwa kuangalia majani tu. Ng'oa kwanza, pasua muhogo, uone ndani. Ukiwa mweupe wote, chukua shina hilo. Ukiwa na mabaka, usilipande wala usimpe mwenzako.

Tunawakumbusha pia kuwa muhogo mchungu una sumu. Humenywa, hulowekwa na huanikwa ukakauka kabla ya kusagwa. Wakati wa njaa watu huharakisha hatua hizi, na watoto ndio wanaodhurika zaidi.

Kuku wetu ishirini na wawili

Kwa kuku tunaeleza yaliyotufika sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa na kuku 26 nyumbani. Tulikuwa pia na deni kwenye daftari la dukani, la mchele, sukari na mafuta ya taa, na tuliahidi kulilipa kwa kuuza kuku kabla ya Ramadhani. Bwana shamba alipita akitangaza chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengine wanauita mdondo. Tuliona tusubiri, tukanunua sukari kwa fedha ile. Haukupita mwezi, kuku wakaanza kusinzia, kuharisha kijani na kupinda shingo. Kwa wiki moja walikufa 22. Nyamafu hailiwi, na kuku wenye maradhi haifai kuwauzia watu kwa kuficha aibu yao, basi tuliwafukia wote nyuma ya nyumba.

Kazi ngumu ilikuwa kwenda dukani kusema kuwa hatuna cha kulipa. Mwenye duka, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alitupa muda hadi machungwa yakomae, kama Qur'an Tukufu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inavyofundisha kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Tulifunga Ramadhani ile kwa muhogo na kisamvu, na hatujasahau. Tulikuwa tumekula shoka.

Kideri hakina dawa ya kutibu. Kina kinga tu. Chanjo ya matone iitwayo I-2 hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haimponyeshi kuku aliyekwisha kuugua. Ihifadhiwe mahali pa baridi, mbali na jua. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wachangiane na wachanje siku moja. Zaidi ya hapo, kuku wa kienyeji hahitaji makubwa: banda kavu la kulala usiku, maji safi, chicha la nazi na pumba. Mtetea huatamia siku 21. Ukila mayai, mwachie mtetea mmoja yake aatamie.

Mbuzi na samadi

Mbuzi hubeba mimba kwa miezi mitano hivi. Wanne au watano wanatosha kaya kupata wa kuuza wakati wa shida, wa akika na, kwa mwenye kujaaliwa, wa udhhiya. Samadi yao ni shoka kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani ndiyo inayorudisha nguvu ya ardhi iliyolimwa miaka mingi.

Wanafunzi wetu huuliza: je, samadi si najisi? Katika madhehebu ya Imam Shafii (r.a.) kinyesi cha mnyama ni najisi, lakini inajuzu kukitumia shambani, na mmea unaoota humo ni tohara. Kilichoguswa na samadi kioshwe kabla ya kuliwa, na nguo iliyochafuka isisaliwe mpaka ifuliwe.

Wala tusisahau haki ya mnyama. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mtoto anayemfunga mbuzi juani asubuhi kisha akaenda kucheza hadi magharibi aikumbuke habari hiyo.

Haki ya mavuno

Kaya inayovuna ina wajibu. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 141, tumeamrishwa kuitoa haki ya mazao siku ya kuvuna, na tumekatazwa israfu. Kwa madhehebu yetu, zaka ya mazao iko katika nafaka na kunde za chakula zinazowekwa akiba, kama mahindi, mpunga na mtama. Kiwango chake ni wasaq tano, yaani saa' 300. Wazee wetu waliifasiri saa' kwa pishi. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanakadiria kilo 650 hivi za nafaka iliyo safi. Mpunga ulio na ganda kiwango chake ni mara mbili, kwa kuwa ganda haliliwi.

Mazao ya mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu ya hapo. Mfano: aliyevuna mahindi magunia 7 ya kilo 100 kwa mvua, zaka yake ni kilo 70. Kama alimwagilia kwa pampu, ni kilo 35. Aliyevuna magunia 4 hajafikia kiwango. Muhogo, nazi na mboga hazina zaka ya mazao, bali mlango wa sadaka uko wazi. Mbuzi wanaojilisha malishoni wakifika 40 na mwaka ukapita, hutolewa mmoja.

Hata kile ambacho hukukikusudia unalipwa. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, kwake huwa ni sadaka. Basi chungwa lililodonolewa na ndege halikupotea.

Mipaka ya kujitegemea

Hatusemi kuwa kaya itajitosheleza kwa kila kitu. Chumvi, sabuni, madaftari na matibabu vitanunuliwa. Jua kali likipiga msimu mzima, hata mkulima hodari atahitaji msaada, na si aibu. Kujitegemea hakuna maana ya kujitenga. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kuwa akipika mchuzi aongeze maji yake ili awakumbuke majirani. Anayejilisha ndiye anayepata cha kuongezea maji.

Wala hatusemi kuwa kila mwanafunzi awe mkulima. Tunataka madaktari, mafundi na masheikh. Lakini daktari anayejua kupanda muhogo hana hasara, na sheikh anayekula kwa jasho lake husema haki bila ya kuogopa. Bukhari amepokea kuwa Nabii Daud (A.S.), aliyekuwa mfalme, alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake.

Kazi ya likizo

Kila mwanafunzi afanye mambo matatu. Kwanza, apime bati la nyumbani kwao na apige hesabu ya lita zinazoshuka kwa mvua ya milimita 20. Pili, aandike vitu vyote vilivyoliwa nyumbani kwa siku saba, na mbele ya kila kimoja aandike "shambani" au "dukani". Tatu, apande mche mmoja na autunze yeye mwenyewe.

Na mwakani, tutakapokuuliza tena kazi ya mzazi wako, tunataka kusikia jibu jingine: "Baba ni mkulima. Mama ni mkulima. Wao ndio wanaotulisha."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azibariki mvua zetu, ardhi zetu na mikono ya wazazi wetu, na atulipie madeni yetu. Amin.