Kwa Nini Chokoleti Hupata Weupe?

Mara nyingi mnunuzi hufungua chokoleti iliyosafirishwa wakati wa joto, akaikuta na madoa meupe kama majivu. Wengi hudhani kuwa imeota ukungu, wakaitupa. Lakini kwa kawaida weupe huo ni mafuta ya chokoleti yenyewe. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni mpangilio wa molekuli tu.

Mafuta ya kakao

Chokoleti hutengenezwa kwa mbegu za kakao, zao ambalo hapa Tanzania hulimwa hasa wilayani Kyela. Ndani ya chokoleti, chembe ndogo za kakao na sukari zimezungukwa na mafuta ya kakao, nayo ndiyo yanayoamua kama itakuwa ngumu au laini.

Msomaji ameyaona mafuta ya nazi: Dar es Salaam ni maji, Njombe wakati wa baridi huganda. Mafuta ya kakao nayo huyeyuka na kuganda, ila yana tabia ya ziada: huweza kuganda kwa namna zaidi ya moja.

Kitu kimoja, maumbo sita

Mwaka 1966 wanakemia Wille na Lutton walieleza maumbo sita ya fuwele za mafuta ya kakao. Molekuli ni zile zile, bali hupangana kwa namna mbalimbali, kama vile atomi za kaboni zifanyavyo almasi zikipangwa hivi, na grafiti ya penseli zikipangwa vile.

Umbo la kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 17 hivi za Sentigredi, la pili 23, la tatu 25, la nne 27, la tano 34, na la sita 36. Kadiri molekuli zinavyoshikamana vyema, ndivyo joto zaidi linavyohitajika kuzitenganisha.

Mtengenezaji hulitaka umbo la tano. Chokoleti yenye umbo hilo hung'aa, hukatika kwa mlio, na huyeyuka mdomoni, ambamo joto hukaribia nyuzi 37. Katika miji yetu ya pwani, ambako joto la mchana huweza kupita nyuzi 30, maumbo manne ya kwanza hayawezi kustahimili.

Chokoleti iliyoyeyuka ikipozwa ovyo, molekuli hazipati nafasi ya kujipanga, hivyo huganda katika maumbo dhaifu. Baadaye maumbo hayo hugeuka polepole kuwa imara zaidi. Sehemu ya mafuta hupenya hadi juu na kufanya fuwele kubwa. Huo ndio weupe tuuonao.

Kupoza kwa utaratibu

Kiwandani, chokoleti nyeusi hupashwa hadi nyuzi 45 au zaidi ili fuwele zote ziyeyuke. Kisha hupozwa hadi nyuzi 27 au 28 huku ikikorogwa, na fuwele huanza kutokea, za umbo la nne na la tano pamoja. Mwishowe hupashwa tena hadi nyuzi 31 au 32. Hapo umbo la nne huyeyuka, la tano hubaki. Fuwele hizo chache huwa kama mbegu: molekuli nyingine hujipanga kwa kuzifuata wakati chokoleti inapoganda.

Jaribio

Weka chokoleti nyeusi katika bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto, uiyeyushe hadi nyuzi 45. Angalia maji yasiingie. Mimina sehemu moja katika chombo, uiache ipoe yenyewe. Sehemu ya pili ipoze hadi nyuzi 34, uchanganye vipande vidogo vya chokoleti ambayo haijayeyushwa, ukoroge hadi nyuzi 31, kisha uimimine. Linganisha mng'ao na ugumu wake siku ya pili, na tena baada ya wiki moja.

Weupe ukitokea, usugue kwa kidole chenye joto. Ukiwa ni wa mafuta, utayeyuka na kutoweka. Ukiwa ni wa sukari iliyotolewa na unyevu, utabaki.

Swali la darasani: vipande vile visivyoyeyushwa vilifanya kazi gani, na kwa nini visingefaa kutiwa kwenye nyuzi 45?