Ringi ya Kaboni Ikipata Ufa, Usimuuzie Mwenzio

Ringi ya alumini haina siri. Ikiingia shimoni kwa kasi inapinda, mdomo wake unabonyea, breki zinaanza kugusa upande mmoja, na hata asiyejua baiskeli anaona kuwa kuna kitu hakiko sawa. Fundi huipindua baiskeli, akakaza spoki hizi na kulegeza zile, akaunyoosha mdomo kwa koleo, na jioni mwenye mali anarudi nyumbani amepanda.

Ringi ya kaboni haina ustaarabu huo. Haibonyei. Ama ni nzima, ama imevunjika, na kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu ambayo ndiyo inayowaumiza watu: imevunjika ndani, lakini nje inang'aa.

Zamani haya yalikuwa mambo ya Ulaya. Siku hizi yamebisha hodi kwetu. Tarehe 28 Septemba 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za dunia za barabarani mjini Kigali, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima, zikipanda tena na tena kilima cha mawe cha Kimihurura. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Tangu 2021 kuna pia mbio za barabara za vumbi huko Maasai Mara, zinazowakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wageni kutoka kila bara. Vijana wanayaona magurudumu yale meusi, mapana, yenye mlio wa upepo yanapopita, nao wanayataka. Wanayapata kwa mtumba, kwa mgeni anayefunga virago kurudi kwao, au kwa kuagiza China.

Tatizo ni kwamba gurudumu linakuja bila huduma yake. Bingwa akipiga jiwe, gari la timu liko nyuma yake. Anabadilishiwa gurudumu upesi na lile lililogonga halirudi barabarani mpaka fundi alikague. Kijana wa Arusha au Eldoret hana gari nyuma. Ana gurudumu lilelile alilogonga nalo jana, na mazoezi ni kesho alfajiri.

Ili kuelewa hatari, tuangalie kitu chenyewe kimeundwaje. Kaboni ya baiskeli ni nyuzi nyembamba mno, unene wake kama sehemu ya kumi tu ya unywele wa binadamu. Nyuzi hizo hutokana na aina ya plastiki iliyochomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 1,000 bila hewa ya oksijeni. Zinapangwa tabaka juu ya tabaka, zikashikwa pamoja na gundi ya epoksi, kisha zikaivishwa ndani ya kalibu. Uzi wenyewe ukiuvuta una nguvu za ajabu. Gundi ndiyo mnyonge. Ringi ikipigwa kwa ghafla, tabaka za ndani zinaweza kuachana bila rangi ya juu kuonyesha hata mkwaruzo, na kila unapopita kwenye tuta au shimo, pale palipoachana panazidi kuachana.

Nilimtazama fundi mmoja wa Arusha akikagua gurudumu la nyuma la kijana aliyekuwa na haraka ya kwenda mazoezini. Kwanza alilisafisha kwa maji na sabuni, akalikausha. Kisha akatoa tairi na mkanda wa ndani wa ringi, jambo ambalo mwenye baiskeli hakulitarajia. Akachukua tonge la pamba na kulipitisha taratibu kwenye mdomo wa ringi, mzunguko mzima. Sehemu moja karibu na valvu pamba iliacha vinyweleo viwili vitatu vimenasa. Hapo akatoa sarafu ya shilingi mia mbili na kuanza kugonga, ti, ti, ti, akiisogeza kidogo kidogo. Alipofika pale pamba iliponasa, mlio ukabadilika ukawa mzito, kama wa kitu kilicholowa.

"Umesikia, mdogo wangu?"

"Si rangi tu hiyo, fundi?"

"Rangi haina sauti mbili."

Ukaguzi huo hauhitaji mashine. Wenye uwezo Ulaya na Marekani hutumia mawimbi ya sauti au eksirei, lakini pamba, sarafu, tochi na subira vinafika mbali. Muhimu ni kujua pa kuangalia. Mdomo wa ringi, pale tairi linaposhika, ndipo pigo la shimo hutua. Matundu ya spoki nayo yachunguzwe moja moja: ufa mdogo unaotoka tunduni kama mguu wa buibui una maana kuwa spoki inaing'oa kaboni. Gurudumu lililokuwa limenyooka wiki iliyopita likaanza kuyumba bila sababu, au spoki moja ikalegea peke yake, linakueleza jambo. Na kwa wanaotumia tairi zisizo na tyubu, maji ya kuziba pancha yakianza kuvuja kwenye nati za spoki, mkanda wa ndani umechanika au ringi imepasuka. Usibadilishe mkanda na kuondoka bila kuchunguza ipi kati ya hizo mbili.

Mkwaruzo wa vanishi peke yake si msiba. Kama pamba hainasi, mlio ni mmoja na kucha haizami, weka alama kwa kalamu ya wino mwanzo na mwisho wa mstari, uangalie tena baada ya safari kadhaa. Mstari ukivuka alama, maamuzi yamekwisha fanyika.

Sasa tufike kwenye swali ambalo kila mwenye ringi iliyopasuka huuliza: haizibiki? Ameona video ya fremu ya kaboni iliyokatika vipande viwili ikiunganishwa upya, na ni kweli, fremu zinatengenezwa na zinarudi barabarani salama zikipata fundi wa fani hiyo. Lakini ringi ina shida zake. Chukua gurudumu la spoki 24, kila moja imekazwa kwa nguvu ya karibu kilo 100. Jumla ni kama tani mbili na nusu zinazoivuta ringi kuelekea katikati, saa zote, hata baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Wakati huohuo upepo wa tairi unasukuma kingo zake zipanuke nje. Katikati ya mivutano hiyo kuna ukuta wa kaboni wenye unene wa milimita chache. Kiraka kinachotosha kwenye fremu hakipati nafasi hapo. Ukikijaza, ringi inakuwa nzito upande mmoja, na kama breki zinabana kwenye ringi, zinakutana na kinundu kila mzunguko. Wapo wataalamu wachache nje wanaokubali kuziba ringi za baiskeli zenye breki za diski. Ringi inayobanwa na breki, ikipasuka kwenye njia ya breki, haina dawa.

Supaglu na araldaiti za dukani hazimo kabisa katika mazungumzo haya. Zinaficha ufa. Kazi yao inaishia hapo.

Ringi nyingi hazipasuki kwa bahati mbaya tupu. Zinaharibiwa na mambo mawili tunayoyafanya kila siku. La kwanza ni upepo. Tumezoea kujaza mpaka kidole gumba kigome, au kumwachia kijana wa kompresa kituoni ambaye amezoea tairi za malori. Ringi nyingi mpya za kaboni hazina ule ukingo wa ndani unaoshika tairi kama ndoano, na kanuni za kimataifa zinaweka mwisho wa upepo wake kuwa baa 5, yaani takriban psi 72. Februari 2024, kwenye UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka baada ya tairi kuchomoka kwenye ringi ya aina hiyo, na mjadala ukawaka mpaka ndani ya chama cha waendeshaji wa kulipwa. Kama ringi yako imeandikwa kiwango, hicho ndicho kiwango, wala si makadirio. Upepo mdogo nao ni adui: tairi likilala, shimo linapiga ringi moja kwa moja. Nunua pampu yenye geji. Ni rahisi kuliko ringi.

La pili ni joto. Kwa wenye breki za kubana ringi, kila unapofunga breki, joto jingi linaingia kwenye kaboni, na kaboni haisambazi joto kama alumini. Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Tambach inateremka kutoka pale mpaka Bonde la Kerio. Lushoto kwenda Mombo nako ni kona juu ya kona. Ukishuka umeshikilia breki njia nzima, gundi inalainika, ukuta wa ringi unavimba, na tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, funga tena. Tumia raba za breki zilizotengenezwa kwa kaboni. Zilizokwisha kutumika kwenye alumini huwa zimebeba vipande vya alumini vinavyokwangua kama msasa.

Viwanda kadhaa vikubwa hutoa dhamana ya muda mrefu, hata kubadilisha ringi iliyovunjwa na shimo. Lakini dhamana hizo kwa kawaida ni za mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Ukinunua mtumba, umenunua na hasara za mwenye nayo wa kwanza, ukiwamo mti aliougonga asikuambie. Kabla ya kutoa pesa omba tairi litolewe. Muuzaji akikataa, ondoka. Na ukiona stika mpya kabisa kwenye gurudumu la zamani, uliza kilicho chini yake.

Ringi ikifa, gurudumu zima halijafa. Sehemu ya thamani mara nyingi ni habu, na habu haikugonga shimo. Agiza ringi yenye idadi ileile ya matundu na kipenyo kilekile cha ndani, ili spoki zifae. Kikitofautiana hata kwa milimita chache, spoki mpya zitahitajika. Ringi za baiskeli za Phoenix zilizojaa madukani hazitafaa, matundu yake ni mengi mno. Kwa maoni yangu, anayefanya mazoezi kwenye barabara zetu airudishie habu hiyo ringi nzuri ya alumini, kaboni aiweke kwa siku ya mashindano. Tofauti ya uzito si kubwa. Tofauti ya bei inanunua tairi za mwaka mzima.

Kinachobaki ni ringi yenyewe iliyopasuka. Wengi huiegemeza nyuma ya nyumba, na baada ya miezi sita mdogo wake mtu anaiuza sokoni kwa bei ya kutupa. Kaboni haiyeyushwi kama alumini, hivyo mnunuzi wa skrepa hataitaka. Atakayeitaka ni kijana mwingine anayetamani kuanza mbio. Ikate. Msumeno wa chuma unatosha. Vaa barakoa na glavu, imwagie maji unapokata, kwa sababu vumbi lake linawasha ngozi na halifai kuingia mapafuni. Ikate sehemu mbili zinazotazamana, funga vipande kwenye mfuko, ndipo uitupe.