Darasa la Saba Nkoma: Kazi ya Nyumbani Msimu wa Pamba (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitazama jinsi Mtihani wa Taifa wa kumaliza elimu ya msingi unavyopangwa. Leo tutoke darasani tumfuate mtoto hadi kwao. Tunamkuta Nkoma, wilayani Itilima, eneo lililohesabiwa Bariadi hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012.

Huko kalenda mbili hugongana. Pamba hupandwa kuanzia Novemba. Ikifika Mei vitumba vimepasuka, ununuzi unafunguliwa, na kuchuma kunaendelea Juni na Julai. Mtihani nao ni Septemba. Kwa hiyo miezi ile mwalimu anapotaka kurudia mada za darasa la tano na la sita ndiyo miezi ile baba anapohitaji kila mkono shambani. Sioni wa kulaumiwa. Ada imefutwa, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado vinasubiri mizani ya pamba.

Sasa tazama kazi yenyewe anayopewa mtoto. Tangu mwaka 2012 mtihani huu husahihishwa kwa mashine, na sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua: mtahiniwa anasiliba herufi ya jibu sahihi. Kazi ya nyumbani imefuata umbo hilohilo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika huandika maswali ubaoni, kila swali na herufi zake, na wanafunzi wananakili. Kunakili peke yake kunamaliza kipindi. Jioni mtoto anachota maji, anarudisha ng'ombe zizini, kisha anafungua daftari kwenye mwanga wa kibatari au taa ndogo ya sola. Lugha ya nyumbani ni Kisukuma, swali limeandikwa kwa Kiswahili, na somo la Kiingereza halina mtu wa kuliuliza. Asubuhi, kabla ya kengele, herufi zinahama kutoka daftari moja kwenda jingine.

Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko ya msimu wa pamba. Herufi C haina alama ya njia iliyopitiwa. Mwalimu akiiona kwenye madaftari arobaini hajui nani amekokotoa, nani amebahatisha, nani ameazima. Anaweka vema, anaendelea na mada, na yule aliyekwama kwenye desimali anabaki amekwama hadi siku ya mtihani. Hata Marekani, ambako nyumba nyingi zina umeme na vitabu, Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyekusanya tafiti za miaka mingi kuhusu jambo hili na kuchapisha muhtasari wake mwaka 2006, alikuta kwamba uhusiano wa kazi za nyumbani na ufaulu ni dhaifu kwa watoto wa shule za msingi kuliko kwa wa sekondari. Kurundika maswali, basi, hakumsaidii mtoto wa Nkoma. Ningempa swali moja tu, na ningelichukua shambani kwao.

Wakulima wa Simiyu wamekuwa wakihimizwa kuacha nafasi ya sentimita 90 kwa 40 na kupanda kwa 60 kwa 30. Mtoto achukue kamba na rula, apime nafasi kati ya mstari na mstari, kisha kati ya shina na shina, katika shamba analochuma. Akikuta 90 kwa 40, kila shimo lina eneo la 0.9 × 0.4, yaani mita za mraba 0.36. Ekari moja tuikadirie kuwa mita za mraba 4,000. Gawanya: mashimo 11,111, na kwa miche miwili kila shimo, miche 22,222. Jirani yake akikuta 60 kwa 30, eneo la shimo ni 0.18, mashimo ni 22,222 na miche ni 44,444. Ongezeko ni asilimia ngapi? Uwiano wa mashamba haya mawili ni upi? Na ikiwa mistari ya baba imepinda, wastani wa vipimo vitano ni ngapi?

Swali hilo limebeba kubadili vipimo, eneo, desimali, wastani, uwiano na asilimia, mada ambazo Septemba hazikwepeki. Halinakiliki kwa mwenzake, kwa kuwa kila shamba lina vipimo vyake. Linafanyika mchana, katikati ya kazi, bila kibatari. Na baba, hata kama hakumaliza shule, ana la kusema kuhusu nafasi ya mistari. Anaweza kulisema kwa Kisukuma, na mtoto akaliandika kwa Kiswahili. Kesho yake mwalimu haandiki kitu ubaoni. Anawaita wanafunzi wawili wenye majibu tofauti wakokotoe mbele ya wenzao, na kosa la desimali linaonekana lilipo.

Wapo watakaosema dawa ni kambi. Wakati Anthony Mtaka akiwa Mkuu wa Mkoa, Simiyu ilijulikana nchi nzima kwa kambi za kitaaluma zilizowakusanya wanafunzi wa madarasa ya mitihani. Naziheshimu, maana zilimpa mtoto jioni yake. Lakini kambi inahitaji chakula, magodoro na walimu wa usiku, na kwa mtoto wa miaka 13 haiwezi kuwa ya mwaka mzima. Siku zilizobaki bado ni za nyumbani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, isiwe maandalizi tu ya sekondari. Nusu karne imepita na shamba la mzazi bado tunalihesabu kuwa adui wa daftari.

Juma lijalo tutaingia kwenye jambo linalokaribia. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Kwa mpango huo, waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Tutahesabu vyumba na walimu watakaohitajika kidato cha kwanza Januari 2028.