Konstebo Hana wa Kumsemea

Ukitaka kumjua konstebo wa Kenya, mwulize habari za pazia. Katika laini nyingi kongwe za polisi, chumba kimoja kimebeba familia mbili kwa miaka: kamba hufungwa kutoka ukuta hadi ukuta, shuka ikaning'inizwa, na maisha yakaendelea. Mtoto wa upande huu akilia, baba wa upande ule aliyetoka zamu ya usiku halali. Saa chache baadaye yuko barabarani na bunduki, anakutana na mimi na wewe.

Hili si jipya. Jopo la jaji mstaafu Philip Ransley liliitaka serikali irekebishe makazi na mishahara ya polisi tangu 2009. Mwaka 2018 serikali ya Uhuru Kenyatta ilikuja na dawa yake: askari watoke kambini, walipwe posho ya nyumba, wakapange mitaani kama raia wengine. Wakavishwa na sare mpya ya buluu. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa na heshima. Mitaani, baadhi ya wenye nyumba hawamtaki mpangaji askari, maana kodi ikichelewa nani atathubutu kumfungia mlango? Naye askari ana hofu zake. Anayemkamata mchana ndiye anayepishana naye ngazini usiku, na mkewe ndiye anayebaki nyumbani akitazamwa. Sijui kama kuna aliyemuuliza konstebo kabla ya kutangaza.

Na angesemea wapi? Madaktari walipogoma mwaka 2024, walikaa nje siku 56 hadi serikali ikaketi nao mezani. Walimu nao wana vyama vyao. Polisi, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Sababu inaeleweka: nchi haiwezi kuamka ikakuta wenye bunduki wamegoma. Lakini aliyenyimwa mgomo alistahili kupewa mlango mwingine. Badala yake husubiri tume. Ya karibuni, ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ilipendekeza makonstebo waongezwe mshahara kwa asilimia 40, nyongeza igawanywe kwa miaka mitatu. Kwa mtu anayedaiwa kodi mwisho wa mwezi, miaka mitatu ni mingi.

Kuna gharama isiyolipika kwa posho. Novemba 2012, zaidi ya askari 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipotumwa kurejesha mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa wametoka mafunzoni juzi tu, wakaingizwa katika mabonde wasiyoyajua, mbele ya watu waliozaliwa humo. Miaka miwili baadaye, huko Kapedo, wakafa askari wengine.

Haya yote ni kweli, na bado huruma ya umma haipatikani. Juni 25, 2024, siku ambayo kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Haiti kwenda kutuliza nchi ya watu, wenzao walikuwa wakiwafyatulia risasi vijana walioandamana nje ya bunge Nairobi. Mzazi aliyemzika mwanawe baada ya maandamano yale hana haja ya kusikia habari za pazia, na simlaumu. Wala abiria wa matatu anayeona noti ikipita dirishani kila asubuhi. Mshahara mdogo haujawahi kumfyatulia mtu risasi.

Ila hapo ndipo ukosefu wa sauti unapogeuka kuwa hatari yetu sote. Sheria ile ile ya 2011 inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Maana yake konstebo anatarajiwa, katikati ya moshi na mawe, kumwambia afande wake hapana. Tuseme amesema. Kesho yake ataitwa kwenye kikao cha nidhamu kinachoongozwa na wakubwa. Hana chama cha kumlipia wakili wala cha kumtuma mwakilishi wa kuketi kando yake. Akinusurika hapo, kuna barua ya uhamisho, na kila askari anajua vituo ambavyo mtu hupelekwa ili akome.