Matakwa ya Mtumiaji na Kanuni za Seva: Mfano wa Mahege

Neno "mipangilio" limekwisha kuzoeleka miongoni mwa watu watumiao kompyuta katika Afrika ya Mashariki, nalo hutumika kwa mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, hayafai kuitwa kwa jina moja. La kwanza ni yale ambayo mtu hujichagulia kwa nafsi yake: ukubwa wa herufi, rangi za kioo, lugha ya maelezo. La pili ni yale ambayo mtu mmoja akiyabadili, uzito wake huwaangukia wote watumiao seva ile ile, yaani kompyuta kuu inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Nakusudia kuonyesha, kwa mfano wa hesabu za afya zitokazo Kata ya Mahege, Wilaya ya Kibiti, kwamba hayo ya pili hayana budi kusimamiwa mahali pamoja.

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wauguzi huuita MTUHA tu, ulianza katika miaka ya 1990. Muuguzi huandika rejesta kila siku. Mwezi ukiisha hujumlisha, hujaza fomu, na fomu hupelekwa wilayani. Kutoka Mahege karatasi hupita nchi kavu. Zile za visiwa vya delta hungoja maji yajae ndipo mtumbwi uondoke. Tangu miaka ya 2010 hesabu hizo huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoongoza utungaji wake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuitengeneza ifae nchini. Programu iliyoitangulia, iliyozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ilikaa katika kompyuta ya kila ofisi, kila ofisi na nakala yake. Aliyevuruga, alivuruga yake. Sasa nchi nzima imepanda chombo kimoja.

Hapo ndipo taabu ianzapo. Mwanzoni mwa mwezi makarani wa wilaya zote huingiza hesabu kwa siku zile zile. Tuseme karani mmoja amepewa idhini ya kutazama nchi nzima, ingawa kazi yake ni ya wilaya moja, na ukurasa wake wa kwanza umewekwa uonyeshe mchoro wa miaka mitano. Kila aingiapo, hata kama ataka kuandika namba moja tu ya Mahege, seva hukusanya hesabu za vituo vyote vya nchi kumchorea picha asiyoihitaji. Karani huyo hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba mchoro una gharama. Lakini wakiwa mia kama yeye, mwenzao aliye na mtandao hafifu hukaa akitazama kioo kisichojibu.

Dawa yake haihitaji kununua seva kubwa zaidi. Msimamizi aliye katikati huweka mpaka wa eneo ambalo kila mtu aweza kulitazama, akampa wa kituo kituo chake na wa wilaya wilaya yake. Huweka muda wa kawaida wa michoro, na kikomo cha safu ambazo swali moja laweza kuzirudisha. Huagiza pia kwamba jibu lililokwisha kutafutwa lihifadhiwe, mathalan hadi alfajiri ya siku ya pili, ili mtu wa pili aulizaye neno lile lile apewe lililo tayari. Tena, badala ya kila wilaya kujichorea ukurasa wake, hutungwa ukurasa mmoja usemao "kituo cha mtumiaji": akiufungua mtu wa Mahege huona Mahege, akiufungua wa Kibiti huona Kibiti.

Majedwali ya michoro, kwa kawaida, hutengenezwa usiku, watu wamelala. Jambo hili ni la busara, ila lina madhara yake. Karani aliyeandika namba mchana haioni katika mchoro, naye huweza kudhani imepotea na kuiandika tena. Hesabu haizidi, kwa kuwa ya pili hukaa mahali pa ile ya kwanza. Lakini kazi hurudiwa, na seva huongezewa shughuli saa ile ile iliyokusudiwa kupunguziwa. Sentensi moja ya Kiswahili chepesi juu ya mchoro, isemayo hesabu hizi ni za hadi usiku wa jana, ingefaa kuliko mafunzo ya siku tatu.

Kibiti yenyewe yatupa mfano mwingine. Wilaya hiyo ilipotengwa na Rufiji katikati ya miaka ya 2010, vituo vyake havikuwa tena chini ya Rufiji katika mti wa utawala. Kazi ya namna hiyo hufanywa mara moja katikati, na idhini za watu hazina budi kufuatishwa. Lakini mtafiti na atahadhari: mti huo huonyesha mpangilio wa leo tu, na kituo kikihamishwa huhama na hesabu zake za miaka iliyopita. Anayetazama Rufiji ya mwaka 2012 kwa mti wa sasa atakuta wilaya iliyopungua, asifikiri wagonjwa walikuwa wachache.

Nikirudi kwenye lugha, ningependekeza tuseme "matakwa" kwa yale ya mtu binafsi, na "kanuni" kwa yale ya seva. Programu hii yenyewe hutenganisha lugha ya maelezo ya kioo na lugha ya majina ya hesabu zilizohifadhiwa, na kila mtu aweza kujichagulia zote mbili. Kuchagua Kiswahili au Kiingereza, basi, ni takwa. Maneno yenyewe ni kanuni. Fomu ya wajawazito huuliza waliohudhuria kwa mara ya kwanza mimba ikiwa chini ya wiki 12. Mfasiri akiandika "mahudhurio mapya", muuguzi mmoja atahesabu mimba mpya, na mwingine atahesabu kila mgeni aliyehamia kutoka zahanati ya jirani. Seva itajumlisha zote mbili kwa kasi ile ile.