Mikro bila waya: sauti yetu isimnyime jirani redio

Hapa Magarama, na kwa ndugu zetu wa Muyinga pia, vijana wanapenda kufungua redio zilizokufa na kutengeneza mikro isiyo na waya. Mtu anasemea huku, sauti inatoka kwenye redio kule. Mkutanoni inasaidia, hata wazee waliokaa nyuma wanasikia.

Lakini sisi wakimbizi tunajua redio ni nini. Mwaka 1994 BBC ilianzisha Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha familia, ili waliotawanywa na mauaji ya Rwanda watafutane. Mwaka 1995 Wajesuti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Redio Kwizera kule Ngara, Tanzania. Ukimfunika jirani anayesikiliza habari za kwao, siyo mchezo.

Chombo chenyewe ni kidogo: transista moja, mikro ndogo ya redio kaseti, rezista na kapasita chache, batiri ya volti 9, na waya wa shaba uliozungushwa kama mara tano kwenye kalamu. Huo waya pamoja na kapasita ndio unachagua masafa. Ndiyo sababu ukiugusa, au batiri ikichoka, sauti inahama yenyewe na kuingia kwenye stesheni ya watu.

Basi tuangalie haya:

1. Kwanza ruhusa. Burundi masafa yanasimamiwa na ARCT. Kambini, uliza uongozi kabla ya kuwasha.

2. Tafuta mahali patupu kwenye redio, mchana na usiku. Usipite 108, maana juu yake ni masafa ya ndege.

3. Antena iwe fupi, wala usiongeze nguvu. Ikifika mwisho wa ukumbi inatosha.

4. Funga vipande visitikisike, na mkono usikaribie ule waya uliozungushwa.

5. Mikro ikae mbali na redio, la sivyo inapiga mluzi.

6. Tuma mtoto asikilize redio ya jirani. Ikikoroma, zima mara moja.

Jambo moja zaidi: kila mwenye redio karibu anaweza kukusikia. Kwa hiyo mambo ya nyumbani, majina ya watu na safari zao, yasisemwe humo.

Na kama ukumbi ni mdogo, waya mrefu wa kawaida unafanya kazi ileile bila kumsumbua mtu. Wazazi, msiwavunje moyo vijana hawa. Kaeni nao, muwaulize redio ya jirani inasemaje.